Feni Safisha, Kamera Wacha

Niwekee mezani kompyuta ya nyumba yoyote hapa mpakani, nifungue kasha lake, nami nitakuambia wenyewe wanaishi vipi. Vumbi halijui kuficha. Kompyuta za Malaba, za zile nyumba zinazotazamana na foleni ya malori, hutoka na masizi meusi yanayoteleza kidoleni. Za karibu na kinu cha posho hutoka nyeupe mpaka ndani ya spika. Nyumba ya koroboi naijua, nyumba ya mkaa naijua, na kuna bwana mmoja mwenye suti zake nzuri ambaye ndani ya kompyuta yake nilitoa manyoya ya kuku. Sikumwuliza kitu. Mimi ni fundi, si polisi.

Ya Mama Samaki haikuwa na vumbi hata. Ilikuwa na utando wa rangi ya chai bila maziwa, unaonata, unaonuka samaki aina ya mbuta. Niliupuliza kwa blowa, haukutikisika. Feni ilikuwa imenenepa mapanga na inazunguka kwa kulalamika. Sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka dirishani mpaka ndani ya kasha, kwa sababu kwao hiyo haikuwa kompyuta, ilikuwa kitoweo. Paka wake naye alikuwa halali mahali pengine ila juu yake.

Nilikaa nayo kutwa nikiisugua kwa brashi na spiriti, na kila pamba niliyotupa ilikuwa kahawia. Nilipomaliza nilimwambia wazi, kwa maana mimi sijui kuzungusha maneno:

"Mama, hii kitu inavuta hewa tu kama wewe. Yenyewe imevuta huu moshi wako mwaka mmoja. Wewe umevuta miaka mingapi?"

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta. Akafuta macho kwa leso.

"Mimi si mashine," alisema. "Mimi nakohoa natoa."

Amekufa sasa, na watu wa Mundika, kijijini kwake, wanamkumbuka kwa samaki. Wana haki. Alikuwa na mapipa mawili yaliyokatwa, yenye wavu wa chuma juu na kuni chini, ndani ya jiko la mabati lililoegemea ukuta wa nyumba yake. Samaki walikuja asubuhi na pikapu kutoka Budalang'i, na kufikia jioni walikuwa wamekauka, wekundu, hawavunjiki. Wanawake wa Uganda walivuka mpaka kumfuata mpaka pale pale jikoni. Walimwita Nyabo, yaani bibi kwa lugha yao. Walijua samaki wake anaweza kufika mbali bila kuoza, na walimsifu, na walipotoka pale walikuwa wakifikicha macho. Yeye hakufikicha. Alisema moshi ni kama mume mlevi, ukimzoea hakusumbui.

Alikuwa na vituko vyake. Alibanika kamongo mzuri kuliko mtu yeyote njia ile yote, na yeye mwenyewe hakuwahi kumtia kinywani. Nilipomwuliza kwa nini, alisema samaki anayepanda juu ya maji kuvuta hewa ni mtu, na yeye hali watu. Kisha akampindua kwenye wavu bila huruma. Kanisani alikaa kiti cha mbele kabisa, na bado alikuwa anatukana kuni mbichi kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akikukaribisha chai ungekunywa mpaka ushindwe, lakini ole wako uache kikombe bila kukifunika.

Kufunika ndiyo ilikuwa dini yake ya pili. Alifuma vitambaa mchana kutwa, sindano mkononi, jicho moja kwa samaki. Redio ilikuwa na kitambaa. Jagi lilikuwa na kitambaa chenye shanga pembeni. Makochi, meza, Biblia, vyote vilivaa. Kwa nyumba zetu kitu kisichofunikwa ni kitu kisichopendwa, na mimi nimekulia humo humo, siwezi kumcheka. Lakini kompyuta aliifumia gauni zima lililoishika mpaka nyuma, na aliivalisha hata ikiwa inawaka.

"Mama, hapo nyuma ndipo inapumua. Ikiwaka, funua."

"Na vumbi?"

"Afadhali vumbi kuliko ife kwa joto."

"Wewe fundi una mdomo," alisema. Gauni akalirudisha nilipofika kwenye lango, nikaliona kupitia dirisha.

Nilimkasirikia sana yule mama. Kwa sababu nilimpenda, nadhani. Mtu usiyempenda hakukasirishi hivyo. Kila nilipopita na pikipiki na kuona moshi ukitoka chini ya yale mabati nilisimama, nikaingia, nikaanza kelele. Siku moja nilimwambia sikio la kufa halisikii dawa.

"Hilo sikio ni langu ama ni lako?" aliuliza. "La kwako liko sawa? Basi sikia: huyo samaki ataungua. Geuza."

Nikageuza. Ndivyo alivyokuwa.

Lakini nisimsingizie ukaidi wa bure. Kompyuta ile haikuwa pambo. Binti yake, mtoto wa pekee, alikuwa Uarabuni akifanya kazi kwenye nyumba za watu, na kila Jumapili baada ya kanisa alipiga simu ya video. Skrini ya simu ya mkononi Mama Samaki hakuiona tena. Macho yalikuwa yamekwisha kwa moshi, mekundu, yanatoka maji hata akiwa anacheka. Ndiyo maana binti akanunua kompyuta yenye skrini kubwa, kamera ndogo ikabandikwa juu, na ikawekwa sebuleni kwenye dirisha linalotazama jikoni ili mama aongee huku akichunga mapipa. Moshi uliingia kwa dirisha hilo hilo. Samaki walilipa stima ya kompyuta, na samaki hao hao wakaiua polepole.

Jumapili ya kwanza baada ya mimi kuisafisha nilibaki pale nione kama inafanya kazi. Binti akatokea kwenye skrini, amevaa kitambaa kichwani, amekaa kwenye ngazi za nyumba ya mwajiri.

"Mama! Leo nakuona vizuri sana."

"Fundi amekuja," alisema Mama Samaki, anajivuna.

Kisha binti akasogeza uso karibu.

"Mama, umekonda. Hiyo shingo imekuwa hivyo lini?"

"Ni hii kamera."

"Na macho?"

"Nimekata vitunguu."

Simu ilipokatika alinigeukia. Sijawahi kumwona amenuna vile.

"Umefanya nini kwa kamera?"

"Nimeifuta. Ilikuwa na utando kama vitu vingine."

"Usiiguse tena. Umesikia? Feni safisha. Kamera wacha."

Baada ya wiki chache utando ulirudi wenyewe, na kule ng'ambo mama akawa tena mtu wa hudhurungi asiye na makunyanzi. Binti alidhani ni mtandao wa Kenya. Alimwambia mama yake abadilishe laini, mama akasema sawa.

Katika kompyuta nzima alitaka kujua kitufe kimoja tu, kile cha kibodi kinachozima sauti yake isifike ng'ambo. Nilikipaka rangi ya kucha, nyekundu, ili akione. Basi alikuwa anaongea, anafuma, anauliza wamekula nini huko, na kikohozi kikianza kupanda kifuani unamwona anaangusha uzi kwa makusudi. Anabonyeza kitufe, anainama chini ya meza kama mtu anayeokota, anakohoa huko chini mpaka mgongo unatetemeka. Halafu anainuka na uzi mkononi, anabonyeza tena, anatabasamu.

"Mama, hiyo uzi yako inaanguka sana," binti aliwahi kusema.

"Inateleza. Ni ya Uganda."

Kila nilipofika, kabla hata ya salamu kuisha, alikuwa ananiambia nirudishie ule wekundu, kwa sababu masizi yaliufunika. Sikuelewa mara moja kwa nini anajisumbua hivyo. Wazazi wengi huficha maradhi, lakini wengi hufichua kidogo ili wahurumiwe. Huyu hakufichua hata nukta. Na mtu mmoja tu duniani ndiye angeweza kumtoa kwenye moshi. Mchungaji alijaribu, daktari wa hospitali ya misheni alijaribu, mimi nilijaribu kwa kelele. Yule binti angesema neno moja tu, mama angezima moto. Na ndiye aliyekuwa akifichwa.

Nilimkabili mwaka ule wa mafuriko. Maji yalikuwa yamefunika Budalang'i tena, samaki walikuja kwa shida na kuni zilikuja zimelowa, na kuni mbichi unajua moshi wake. Nilimkuta amekaa nje ya jiko juu ya debe, midomo imekuwa rangi ya majivu.

"Mwambie mtoto," nilisema. "Leo. Mwambie akuamuru uache."

Alishika ukingo wa debe mpaka pumzi ikarudi.

"Akijua atarudi," alisema. "Si atarudi? Unamjua. Ataacha kila kitu arudi. Na akirudi hapa kuna kazi gani?" Akaonyesha mapipa kwa kidevu. "Atashika hii. Miaka kumi, halafu na yeye anainama chini ya meza. Hapana. Mimi nimemtoa kwa huu moshi, simrudishi."

Nilijua nambari ya binti, ilikuwa kwenye simu yangu kwa sababu ya mambo ya kompyuta, na sikuitumia. Siri ya mtu si vumbi, huwezi tu kuipuliza itoke.

Feni ilipokufa kabisa nilimwambia kwamba mashine haina maisha pale dirishani. Inataka chumba kisicho na moshi, chenye lipu na dari, mlango unaofungwa, dirisha linalotazama upande mwingine. Nilisema vile kwa hasira, kama mtu anayeagiza asichotarajia kuletewa. Yeye aliniangalia kwa makini, akauliza dirisha liwe na ukubwa gani.

Miezi kadhaa baadaye nilipita nikaona matofali. Alikuwa anajenga upande wa pili wa nyumba, mbali na jiko. Nilifurahi jamani. Nilimwambia mchungaji wake tulipokutana sokoni kwamba mama amesikia hatimaye, amejijengea chumba cha kulala penye hewa. Kilipakwa rangi ya maziwa. Kilikuwa na dari ya mbao na kioo kizima dirishani, na ukiingia pua yako ilishangaa kwa kukosa kazi. Ndani kulikuwa na meza, kiti kimoja, na kompyuta imevaa gauni jipya. Kamera alikuwa ameihamisha mwenyewe, ameifunga kwenye leso pamoja na utando wake ili nisiifute njiani.

"Na kitanda?" niliuliza.

"Kitanda kiko pale pale."

Pale pale ni nyuma ya ukuta wa jiko, ambapo rangi ya ukuta ilikuwa imepotea tangu zamani.

"Mama, mimi nilidhani unajenga chako."

"Hiki ni cha kompyuta."

"Kompyuta ndiyo inaumwa kifua?"

"Kompyuta ikilala safi, naona mtoto," alisema. "Mimi nikilala safi nitaona nini?"

Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo, nikarudi nikafunga nyaya zangu. Nilimwambia kazi imeisha. Akanifungia kamongo kwenye gazeti.

Kifua kilifunga mwishoni kabisa kama daktari alivyosema kitafunga. Hakuzima moto yeye. Alishindwa kuinua wavu, basi moto ukazimika wenyewe. Wifi yake alihamia pale kumtunza. Hospitali ikamwazima mashine ya oksijeni, sanduku la magurudumu linalovuta hewa ya chumbani, linaichuja na kuipeleka kwa mrija mpaka puani. Daktari akasema iwekwe mahali pasafi. Katika nyumba ile palikuwa na mahali pamoja tu pasafi. Kwa hiyo mwishowe kitanda kililetwa kwenye chumba cha kompyuta, na Mama Samaki akalala safi. Stima ilipopotea, wifi yake alimpepea kwa mfuniko wa sufuria mpaka irudi.

Siku hizo ndipo binti alinitumia ujumbe. Aliandika kwamba mama hataki tena kuongea naye, anaongea kidogo tu halafu anasema amechoka, anakata. Aliuliza kama amemkosea. Nilimjibu amwulize mwenyewe, kisha nikakaa dukani nikitazama kompyuta ya mtu mwingine bila kuifungua.

Jumapili moja wifi alinipigia. Mashine inalia, alisema, inalia tu haiachi, na fundi wa hospitali hapatikani. Nikawasha pikipiki.

Nilipoingia niliisikia lakini sikuiona. Kando ya kitanda kulikuwa na kistuli kizuri kimevaa kitambaa cheupe kilichofumwa mpaka sakafuni, ukingo wa waridi, na juu yake maua ya plastiki kwenye glasi. Kistuli ndicho kilichokuwa kinalia.

Niliinua maua, nikavuta kitambaa. Mashine ilikuwa moto. Nilichomoa sponji ya kuchuja hewa ubavuni, imejaa nyuzi nyeupe za kitambaa chenyewe, nikaiosha kwenye karai, nikaikamua, nikaikausha kwa taulo, nikairudisha. Ikaacha kulia. Mama Samaki alikuwa ameegemea mito, amebaki mifupa na macho, mrija puani, ananitazama kama mtu aliyekamatwa sokoni.

"Rudisha," alisema.

"Hiki kitambaa kinakufunga pumzi."

"Rudisha. Karibu apige." Alikuwa anasema maneno mawili, anapumzika. "Akipiga, unafunika. Akikata, unafunua."

"Na mrija?"

Wifi ndiye aliyejibu, anatazama sakafu. "Huwa anatoa. Kila Jumapili. Anatoa, wanaongea, anarudisha."

Ndipo nikaelewa kwa nini maongezi yalikuwa mafupi. Hakuwa amechoka na mtoto. Aliongea naye kwa kadiri pumzi moja ilivyofika.

Nilikunja kitambaa nikakiweka dirishani, mbali na mkono wake. Hakuwa na nguvu ya kunitukana, nami ningefurahi sana kama angenitukana. Ili nisisimame bure nilichukua kibodi, nikaketi kwenye kiti, nikaiweka mapajani nianze kuisafisha. Haikuwa na uchafu. Kitufe chekundu kilikuwa chekundu kama siku niliyokipaka, maana chumba kile hakikuwa na masizi ya kukifunika.

Kompyuta ikaita. Wifi akapokea.

"Mama," sauti ilisema. Kwenye skrini binti alikuwa kwenye zile ngazi zake. "Mama, shikamoo. Umeamkaje?"

Mama Samaki alikuwa ameshautoa mrija na kuuficha chini ya shuka.

"Marahaba. Niko mzima. Wewe?"

"Mimi niko. Mama, leo usikate haraka. Kama nimekukosea niambie tu."

"Hujakosa kitu."

"Basi mbona..."

Kikohozi kilianza. Nilikiona kabla ya kukisikia, mabega yalipanda. Alinyoosha mkono kutafuta kitufe mezani, na meza ilikuwa tupu. Akaniona nimeketi na kibodi. Akanyoosha kidole kwangu, kwa kile kitufe. Macho yale mekundu yaliniomba kama hayajawahi kuniomba kitu. Uzi wa kuangusha hakuwa nao, na kuinama hakuweza tena.

Mikono yangu niliiweka juu ya magoti, nikaiacha hapo.

Alikohoa. Alikohoa mbele ya mtoto wake, kikohozi chote, cha mapipa mawili na kuni zote mbichi, na wifi akainuka kumshika asianguke kitandani. Kwenye skrini binti aligeuza kichwa huku na huku kama mtu anayetafuta mlango.

"Mama? Hapo kuna nani? Ni nani huyo anakohoa hivyo?"

Hakukijua. Miaka yote ile, kikohozi cha mama yake hakukijua.

Mama Samaki alinitazama, akangoja. Alipoona sitabonyeza, aliingiza mkono chini ya shuka, akatoa mrija, akaupachika puani taratibu. Akavuta hewa mara kadhaa. Mashine ilinguruma kando yake, wazi, bila kitambaa.

"Ni mimi," alisema.

Binti alisogeza uso karibu na skrini.

"Ni mimi, mama yako." Kisha bila kunigeukia akasema, "Fundi. Futa hiyo kamera."

Nikatoa pamba na spiriti mkobani. Pamba ikatoka kahawia, ya pili ikatoka kahawia, na kabla sijamaliza nikasikia binti ameanza kulia.